Maziwa Mepesi

Mtoto alikuwa mlafi haswa. Akishika titi haachi mpaka usingizi umzidi nguvu, na akiamka ni titi tena. Lakini hanenepi. Mapaja yalikunjamana kama ya kizee, tumbo ndilo likajaa, na macho, ambayo kwa watoto wengine wanaozaliwa na umanjano huwa meupe baada ya muda mfupi, yake yalizidi kuwa ya manjano.

Mama yake, fundi cherehani ambaye huyo ndiye alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliona na jambo jingine. Kila akifungua nepi alikuta choo cheupe kama chokaa iliyokorogwa, kinang'aa mafuta, kinanuka kupita kiasi.

"Mama, hebu njoo uone," alimwita mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia ulezi.

Mama mkwe alichungulia kwa mbali. "Maziwa yako hayo. Mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Mtoto anakunywa maji, unataka anye nini?"

"Na macho je?"

"Mwanike juani asubuhi. Nimezaa saba mimi, na hakuna aliyenifundisha."

Neno la mama mkwe likishatua ndani ya nyumba ile, halikuwa na wa kuliinua. Mume, fundi wa mafriji, alikuwa anafunga mkoba wake wa spana. "Mama ameiona dunia," alisema. "Wewe kula tu vizuri."

Akala. Akanywa uji na supu mpaka jasho likamtoka, maziwa yakajaa hata yakawa yanalowesha blauzi na kudondokea vitambaa vya wateja. Mtoto akanyonya, akanya mafuta. Siku moja alimfunga mgongoni aende kliniki, akamkuta mama mkwe amekaa kizingitini.

"Wakamtoboetoboe masindano? Watu watasema nimeshindwa kulea mjukuu. Ukitoka na mtoto huyo, ujue umenivunjia heshima."

Akarudi ndani. Tangu siku ile mama mkwe alimtumbukia nyongo, lakini mdomo ulibaki umefungwa. Mke mgeni katika nyumba ya watu atasema nini?

Mchana mmoja mtoto alijikuna shavuni kwa ukucha wake mwenyewe. Kidonda hakikufika hata punje ya mchele, lakini damu ilitoka, ikaendelea kutoka. Mama mkwe alibana kwa kidole, akabana kwa kanga. Kanga ikalowa. Safari hii mama mtu hakuomba ruhusa. Alimkwapua mwanawe, akaruka kizingiti, akakimbia.

Daktari, mwanamke wa makamo, alimtazama mtoto macho, kisha akafungua nepi. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Choo hiki kimekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu akiwa mchanga kabisa."

Walimchoma sindano ya vitamini, baada ya muda damu ikakata. Vipimo vilipotoka, daktari aliwaketisha mume na mke.

"Ini hutengeneza nyongo," alisema. "Ndani ya nyongo mna asidi zinazofanya kazi kama sabuni kwenye sufuria yenye mafuta. Zinayavunja mafuta ya maziwa yawe vitone vidogo sana, ndipo utumbo uweze kuyafyonza. Mtoto wenu njia ya nyongo imeziba. Mafuta yanaingia, yanatoka vilevile, na vitamini inayogandisha damu, ambayo husafiri na mafuta, inatoka nayo. Hata rangi ya choo hutokana na nyongo. Ndiyo maana chake ni cheupe."

"Kwa hiyo maziwa yangu..."

"Maziwa yako hayana kosa, mama. Ni mazuri tu. Yalikuwa yanapita."

Mama mtu akacheka, kicheko kikavu kilichomfanya mumewe amshike mkono. Akauchomoa.

"Upasuaji upo," daktari aliendelea. "Tunaunganisha utumbo na ini ili nyongo ishuke. Ila hufaulu zaidi kwa mtoto anayeletwa mapema. Nyongo iliyokwama huliunguza ini, na la huyu limeshaanza kuwa gumu. Tutajaribu."

Wakajaribu. Kwa siku kadhaa choo kilipata rangi, naye mama akawa anawaonyesha wauguzi nepi kama mtu anayeonyesha zawadi. Kisha kikaanza kupauka tena. Mtoto aliishi mpaka akaanza kujifunza kukaa, hakufika kutambaa.

Msiba ulipokwisha, mama mkwe akiwa amesharudi kwake, mume alimwambia mkewe, "Mama anakuja kesho. Mpokee vizuri. Hakujua."

"Hakujua, sawa. Hata mimi sikujua. Lakini mimi niliuliza. Nyinyi mlinijibu kabla ya kutazama."

Mume akainama.

Mama mkwe alikuja. Alipewa shikamoo yake, kiti na chai. Alizungumza habari za mvua, za magoti yake, na mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Sisi zamani hatukuwa tunatazama choo, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe alingoja aongezewe neno. Mkwewe alikuwa amegeukia cherehani, anapindia mkono wa gauni la mteja. Alingoja mpaka chai ikapoa, kisha akajifunga kanga yake vizuri na kuondoka, mwanawe akiwa bado hajarudi kutoka kazini.