Treni ya Nne na Ishirini

Treni iliacha kupita Kalinowa miaka ishirini na mmoja iliyopita, lakini mpaka leo tunakunywa kahawa yetu saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa sababu hiyo ndiyo saa ilipokuwa ikiingia na magazeti na mikate ya mjini. Bi Felicja, jirani yetu, humwita mumewe kutoka zizini kwa kumwambia, "Njoo, nne na ishirini inaingia." Padri akirefusha mahubiri na saa hiyo ikapita, watu huanza kukohoa. Hata watoto waliozaliwa wakati reli imeshaota magugu husema hivyo hivyo, na ukiwauliza ni kitu gani kinaingia, wanakushangaa wewe.

Aliyetuzoesha ni baba yangu, Teofil Wrona, stesheni masta wa mwisho wa Kalinowa. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama jukwaani na kofia yake nyekundu, na treni ikichelewa dakika tatu aliona aibu kana kwamba kachelewa yeye. Mimi na baba bado tunaishi ndani ya stesheni, maana tuliinunua ilipofungwa. Lakini mlango wa kutokea jukwaani aliuziba kwa kabati la nguo jioni ile ya treni ya mwisho. Tangu siku hiyo hutokea mlango wa nyuma, upande wa barabara, kama vile nyumba haina upande mwingine.

Niieleze jioni hiyo, maana baba hakuisahau na mimi sina haki ya kuisahau. Treni ya mwisho iliondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwezi wa Aprili, mvua inanyesha. Baba alikuwa amefagia jukwaa na kuing'arisha kengele, akakaa kusubiri watu waje kuiaga. Hakuja hata mmoja. Zenon, ambaye siku hizi ni mwenyekiti wetu wa kijiji, ng'ombe wake alikuwa anazaa. Wengine walikuwa na mpira kwenye televisheni. Kila mtu alidhani wenzake watakwenda. Na mimi, binti yake wa pekee, asubuhi nilikuwa nimemwambia naenda mjini kwa daktari wa meno, nikapanda treni, nikarudi nikiendesha gari dogo jekundu, gari langu la kwanza. Treni ilipopiga honi ya kuondoka nilikuwa uani kwa Bi Felicja, nalifunika gari kwa turubai baba asije akaliona. Lilikaa pale wiki nzima.

"Hakuja hata mmoja." Maneno hayo nimeyasikia kila Krismasi na kila Pasaka. Baba si mtu wa kelele. Huyasema polepole huku akipaka siagi mkate, halafu anakula.

Kwa hiyo habari zilipokuja kwamba reli inafufuliwa, kijiji kizima kilifurahi isipokuwa nyumba ya stesheni. Mafundi wakaja, wakang'oa magugu, wakabadilisha mataruma ya reli, wakaweka taa na kibao kipya cha jina. Baba akawa anatazama barabarani tu. Zenon alikuja mwenyewe kumwomba, kofia mkononi.

"Stesheni masta, siku hiyo utasimama mbele. Wewe ndiye utakayeipokea kwa mkate na chumvi, kama mgeni wa heshima."

"Ipokeeni nyie. Si mna magari? Nendeni na magari yenu mkaipokee."

"Mzee, hayo mambo ya zamani…"

"Kwanza niambie, itasimama vipi?"

Zenon akajikuna. Alijua baba anajua. "Kwa kunyoosha mkono. Kituo kidogo siku hizi, ukitaka kupanda unanyoosha mkono. Dereva asipoona mkono wa mtu, anapita."

"Mimi nilikuwa nainua kijiti cha ishara na treni nzima inatii," baba akasema. "Leo ninyooshe mkono kama mwombaji mlangoni mwa kanisa? Kalinowa ni stesheni, Zenon. Si bakuli la sadaka."

Alipoondoka Zenon, niliona baba amechukua kijitabu cha ratiba mpya kilicholetwa na posta na kukifanya kisahani cha glasi yake ya chai. Nikasema moyoni, basi, huyu ndiyo hivyo tena.

Sherehe za wakubwa zilifanyika mjini siku ya Ijumaa, na utepe wao na soseji zao. Ya kwetu ilikuwa treni ya kwanza ya kawaida, Jumamosi, mwezi wa Juni. Niliondoka nyumbani saa mbili kwenda jengo la zimamoto, huko upande wa pili wa kijiji, kusaidia kukata keki za cheri. Baba alikuwa mezani.

"Hutaki kuja, Baba?"

"Kuna baridi."

Ilikuwa Juni, jua limeshapanda. Nikambusu kipara nikaenda.

Kule kwenye zimamoto bendi ilikuwa inafanya mazoezi, na bendi ya zimamoto ya Kalinowa ina matarumbeta makubwa manne na mpigaji ngoma asiyesikia vizuri. Hata ndege ingeanguka karibu nasi tusingeisikia. Saa nne kamili tukapanga msafara: bendi mbele, Zenon na mkate wake juu ya kitambaa kilichotariziwa, kina mama na keki, watoto na vibendera. Tulifika jukwaani dakika kumi kabla ya treni. Zenon alinipigia jicho, kama kusema, unaona tulivyo na nidhamu.

Nne na ishirini ikafika. Reli ilikuwa kimya.

"Inachelewa," akasema mtu. "Kama ile ya zamani."

"Mzee Teofil asisikie unasema ilikuwa inachelewa, atakung'oa masikio," akajibu mwingine, na watu wakacheka.

Nne na nusu. Keki zikaanza kuvutia nyigu. Bi Felicja akageuka kutafuta kivuli ukutani mwa stesheni, halafu akanishika kiwiko kwa nguvu.

"Ludmiła. Mlango wenu."

Mlango wa jukwaani ulikuwa wazi. Miaka ishirini na mmoja sikuwa nimeuona upande huo ukiwa wazi. Nikaingia mbio. Kabati lilikuwa limesogezwa, na nguo zake zote zimetolewa na kupangwa kitandani ili liwe jepesi, maana baba ana miaka themanini na mmoja. Baba hakuwepo. Nikapanda kwenye kiti kutazama sanduku la kofia nyekundu juu ya rafu: kofia ilikuwemo ndani, imefungwa kwenye karatasi yake. Iliyokosekana ni kofia yake ya kijivu ya Jumapili. Mezani glasi ya chai ilikuwa bado ina uvuguvugu, na kijitabu cha ratiba hakikuwa tena chini yake. Kilikuwa kimefunguliwa kando, na mstari mmoja umepigwa penseli. Kalinowa, saa nne kasoro dakika nane.

Nilitoka nacho jukwaani nikampa Zenon. Akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Kasoro dakika nane," akasema. "Nani kabadilisha?"

Ratiba ile ilikuwa imebandikwa ukutani, nyuma ya kioo, hatua tatu kutoka pale tuliposimama, wiki mbili nzima, kwa herufi ambazo hata mtoto angezisoma. Hakuna aliyekwenda kuitazama. Atazame nini? Kuna mtu Kalinowa asiyejua treni inaingia saa ngapi? Na mimi nimezaliwa ndani ya stesheni hiyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilijua baba amefikiria nini alipochungulia dirishani akakuta jukwaa tupu. Safari hii pia, hakuja hata mmoja.

Treni ya kumrudisha baba ilikuwa saa sita na nusu. Tulisubiri. Hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani, hata kukamua ng'ombe. Watu walikaa chini ukingoni mwa jukwaa na vyombo vyao vya muziki mapajani, wakisema maneno machache, na kila baada ya muda mmoja wao alisimama kwenda kuisoma ratiba, sasa.

Ilipotokea kwenye kona, mabehewa mawili tu, meupe na mekundu, watu wote walinyoosha mikono. Wote, na watoto, na Bi Felicja aliyenyoosha miwili. Ikasimama. Mlango ukafunguka, akashuka kwanza kondakta, binti mdogo aliyeandikwa Kinga kwenye kibati cha kifuani. Akatuangalia tulivyojaa pale, akaweka mkono kifuani.

"Poleni sana na msiba," akasema.

Zenon akaangaza macho. "Msiba? Nani kafa?"

"Si mlikuwa mazishini? Babu ameniambia kijiji kizima kimekwenda kuzika, ndiyo maana asubuhi hapakuwa na mtu." Akapunguza sauti. "Tungewapita. Dereva alikuwa hajapunguza mwendo, jukwaa lilikuwa tupu. Mara huyu mzee akatoka mlangoni na kunyoosha mkono. Ameunyoosha mpaka tumesimama kabisa, kama aliogopa tutabadili mawazo. Njia nzima anatuambia kijiji chenu ni cha watu wazuri mno, ila leo wamefiwa."

Baba akashuka nyuma yake na kofia yake ya kijivu. Alishuka taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili, kwenye jukwaa lake. Akalikagua kutoka mwisho huu hadi mwisho ule kabla ya kututazama sisi.

"Aliyekufa nani, stesheni masta?" Zenon akauliza.

"Nyie," baba akasema. "Nimewazika wote. Mmechelewa miaka ishirini na mmoja na dakika ishirini na nane."

Bendi ikaangalia viatu vyake. Kinga akatutazama mmoja mmoja, akaelewa, akaingia ndani haraka akicheka kwenye mkono wake. Treni ikaondoka. Zenon alibaki na mkate wake mikononi kama mtu aliyekuja kuposa na kuambiwa binti ameshaolewa.

"Mzee, tulikuja," akasema. "Tulikuja wote. Tulikuwa hapa nne na ishirini."

"Kwa nini nne na ishirini?"

"Kwa nini? Treni inaingia saa ngapi Kalinowa?"

"Ratiba iko hapo ukutani, mwenyekiti."

"Hakuna aliyeisoma. Tusome ya nini? Tulikuja kwenye treni yako." Zenon sasa alikuwa kama anagombana. "Tunakunywa kahawa kwa treni yako. Mke wangu anaweka supu motoni kwa treni yako. Wewe ndiye uliyetuzoesha hivyo, sasa tufanyeje?"

Baba alitazama keki, ngoma, vibendera, kitambaa kilichotariziwa, jasho la Bi Felicja ambaye kwa miguu yake mibovu alikuwa amesubiri saa mbili na zaidi. Nilitaka kumkumbatia na niliogopa kumkumbatia. Akavua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi.

"Ile ya zamani ilikuwa inachelewa kila Jumatatu," akasema kwa sauti isiyokuwa yake. "Kila Jumatatu, na hakuna aliyenilalamikia hata siku moja."

Akamega mkate, akachovya kwenye chumvi, akatafuna. Bendi ikaanza kupiga bila kuamriwa, na mpiga ngoma akaanza wa mwisho, kama kawaida yake.

Watu walipokuwa wanakula, nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha ule mlango, miguu yake ikiwa jukwaani. Nikampelekea kahawa, nikakaa karibu naye. Saa ya kahawa ilikuwa imeshapita kwa zaidi ya saa mbili, lakini aliipokea. Nikaona nisipolisema leo sitalisema tena.

"Baba, siku ile ya mwisho sikwenda kwa daktari wa meno."

"Najua."

"Bi Felicja alikwambia?"

"Felicja? Felicja anaapa mpaka leo kwamba chini ya lile turubai kulikuwa na mashine ya kupura ngano." Akanywa kahawa. "Nilijua kabla hujaondoka. Nani anakwenda kwa daktari wa meno na kukata tiketi ya kwenda tu? Nilikukatia mwenyewe, Ludmiła. Kwa mkono huu."

Miaka yote hiyo, alipokuwa akipaka siagi na kusema hakuja hata mmoja, alikuwa ananihesabu na mimi, na hakuwahi kunitaja jina. Machozi yakanitoka nikayaacha yatoke.

Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akapapasa, akatoa kikaratasi kidogo kilichotobolewa na mashine ya Kinga. Akakinyoosha juu ya goti lake kwa kidole gumba, kisha akaniwekea kiganjani.

"Mimi leo," akasema, "nimekata ya kwenda na kurudi."