Maziwa ya Nkoile

Nimelala katika nyumba nyingi kati ya Magoma na Kabuku, lakini jambo hili nililiona Handeni, kwa Mhina, tukipukuchua mahindi. Tulipoinua gunia la mwisho, panya jike akachomoka, paka akamdaka pale pale. Chini vikabaki vitoto vyake vinne, vyekundu, havina hata manyoya.

"Vitupe kwa kuku, mzee," Mhina akaniambia. "Hivyo vikikua, mwakani sina mbegu."

Nikavikusanya kiganjani. Nkoile, mama wa Kimasai, alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa kubadilishana na mahindi, kama kawaida yao. Akanishika mkono. "Yatima hanyimwi maziwa." Akachovya kidole, kama anavyomlisha ndama aliyefiwa na mama.

Mhina akaangua kicheko, akamwita Nkoile kwa jina la mwanawe. "Mama Lemayian, kidole hicho kwao ni nguzo ya umeme!"

Nkoile akachomoa uzi kwenye shuka lake, akauchovya, akaugusisha kwenye mdomo wa kitoto kimoja. Kikanyonya. Kwa jinsi ngozi ile ilivyo nyembamba, tukayaona maziwa yakishuka na kutulia tumboni, doa jeupe kama chembe ya mchele. Nimetembea sana, ila sikuwahi kuona chakula kikiingia ndani ya kiumbe hai, nikakitazama mpaka kilipofika.

Mhina akavua kofia, akachuchumaa karibu yetu.

"Mama," akanong'ona, "huyu wa pembeni bado hajapata."