Mstari wa Herminia

Mume wangu ni mshairi. Msinipe hongera, nipeni pole. Tangu alfajiri nilikuwa namsukuma kama punda mkaidi: Eladio, vaa viatu. Eladio, kofia. Eladio, mashindano ni saa tisa na Jayuya si hapo jikoni. Njia nzima alikaa ameugeuzia mto mgongo, akitazama ukuta wa mlima.

Miaka miwili alikuwa hivyo. Kimbunga kilipopita, mto uliibeba nyumba ya Saturnino, mdogo wake aliyempigia gitaa tangu utotoni, na Saturnino ndani yake. Mwaka jana, kwenye mashindano haya haya ya washairi, Eladio alipanda jukwaani, akapewa mstari wa kufungia shairi, akasimama pale mdomo wazi hadi watu wakaanza kukohoa. Akashuka. Safari hii aliniambia, "Monse, nikinyamaza tena, basi. Sipandi tena jukwaani." Nami nilijua asipoimba nitabaki na kabati la nguo linalokula wali. Ndiyo maana nilikuwa naendesha gari kama mwizi.

Baada ya kona ya tatu, lo! Mlima umeporomoka, tope limeziba barabara nzima. Kijana wa tingatinga akasema kazi itachukua saa mbili, labda tatu. Nilimtukana yeye, tope na serikali. Eladio akafungua mlango akashuka, ati anyooshe miguu.

"Usiende mbali!" Nani anamsikia?

Nikamkuta kwenye uwanja wa saruji wa mwanamke mmoja, Herminia, aliyekuwa ameanika kahawa yake. Wingu likatua juu yetu ghafla. Kwetu milimani huulizi: mvua ikija na kahawa iko nje, kila aliye karibu anashika reki. Nikashika, na viatu vyangu vya sherehe, nikisonya. Eladio akakusanya kwa mikono, amepiga magoti, suti yake nyeupe hiyo! Nusu tuliiokoa. Nusu ililowa.

"We dada, huyu bwana wako amevaa kama bwana harusi, ni nani?" Herminia akauliza, tumejibanza barazani.

"Mshairi," nikasema. Laiti ningeuma ulimi.

"Mshairi! Haya, mshairi, mstari wako huu." Akaitazama kahawa yake iliyolowa, akacheka kwa uchungu. "Maji hayabishi hodi."

Hakujua habari za Saturnino, maskini, alikuwa akiisema mvua. Lakini mshairi wa kwetu akipewa mstari hakatai, awe kanisani, awe msalani. Lazima ajenge ubeti wa mistari kumi na huo uwe wa mwisho. Nikataka kusema tuna haraka, mama, tuache. Eladio akaniinulia mkono.

Mvua ilikuwa imekatika. Vyura wa koki, waimbaji wa usiku, wakaanza kelele zao mchana kweupe, wajinga wale, hawajui saa. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, upepo ukageuza majani ya miti ya miyagrumo, upande mweupe juu, mlima mzima. Na chini kabisa, mto. Eladio aliutazama. Miaka miwili hakuutazama, na sasa alisimama akiutazama kwa muda mrefu hadi nikaona mabega yake yakishuka. Nikangoja akohoe. Nikangoja ageuke. Kisha akaanza, sauti ina kutu, hadi akafika mistari minne ya mwisho:

*Mto, wewe si hasidi;*
*ulipita kijijini,*
*ndugu yangu kitandani:*
*maji hayabishi hodi.*

Herminia akaweka mkono mdomoni. "Jamani, baba, nisamehe. Sikujua."

"Umenipa mstari mzuri," Eladio akamwambia, akaketi juu ya ukuta wa baraza, miguu ikining'inia upande wa mto.

Mimi nilikuwa nalia na nimekasirika. Miaka miwili nimembembeleza, nimempikia, nimemwombea misa, kumbe alihitaji mwanamke mwenye kahawa iliyolowa!

Kijana wa tingatinga akapiga honi. Njia imefunguka mapema. Saa nane kasorobo. Kwa ninavyokanyaga mafuta, tungewahi.

"Monse," Eladio akasema bila kugeuka, "tutachelewa, sivyo?"

Nilikuwa nimeshika funguo. Nilimtazama, matope hadi magotini, anautazama mto ule ule, midomo inacheza anatafuta mstari mwingine.

"Tuchelewe," nikasema. Nikazitia funguo mfukoni, nikamuuliza Herminia reki ya pili iko wapi, maana jua lilikuwa limetoka na kahawa ilikuwa bado inasubiri kuanikwa.