Mwanya wa Agnesi

Siku ya kumtoa mgonjwa waya wa meno, Daktari Kalista hakuwa na haraka hata kidogo. Alivaa glavu mpya, akapanga koleo zake kwenye sinia, akamwambia muuguzi wake, Winifrida, afunge dirisha kwa sababu upepo wa Sumbawanga haujui kubisha hodi. Kisha akamlaza mgonjwa kwenye kiti na kuanza kubandua vibati vilivyoushika waya kwenye meno, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemenya yai la kuchemsha mbele ya wageni.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa Agnesi, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Mtowisa. Daktari alikuwa akiisubiri siku yake kuliko siku ya mgonjwa mwingine yeyote. Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa madaktari wa meno Dodoma, na alikuwa amekubaliwa kusimama mbele ya wenzake waliobaki mijini kuwaonyesha picha za kazi yake, kabla na baada. Walipomwona anafungasha kwenda kufungua kliniki ya kunyoosha meno Mazwi, mjini Sumbawanga, wenzake hao walimuuliza kama watu wa Ufipa watamlipa kwa maharage. Picha za Agnesi ndizo zilikuwa jibu lake.

Miezi kumi na tisa nyuma, Agnesi aliletwa na baba yake, mzee Teodori, mkulima wa mpunga aliyefiwa na mkewe. Vichonge vya binti vilikuwa vimeota juu kabisa kwenye fizi, vimechungulia nje, na shuleni walishampa majina ambayo si ya kuandikwa hapa. Alizungumza kiganja kikiwa mdomoni. Katikati ya meno yake ya mbele, juu, palikuwa na mwanya, mpana wa kutosha kupitisha punje ya mchele.

Mwanya ni mwanya. Wapo wanaume mkoani Rukwa waliooa mwanya, mwanamke akafuata. Daktari Kalista alilijua hilo, kwani alizaliwa Muze na mwenyewe alikuwa nao, mpaka alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam na mwalimu wake akaomba mtu wa kufanyiwa mazoezi. Aliufunga bila kufikiri mara mbili. Kwenye vitabu alivyosomea, mwanya ni nafasi, na nafasi hufungwa.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza alimweleza mzee mpango wake, kwa Kiswahili chepesi na mchoro juu. Tutang'oa meno mawili nyuma ya vichonge, tuvishushe vichonge, tuvivute viingie kwenye mstari, kisha tufunge nafasi zote, na huu wa katikati nao tutaufunga. Akauliza kama wana swali.

Mzee Teodori aliutazama mchoro kwa heshima zote. "Wewe ndiye daktari," akasema.

"Na wewe, Agnesi?"

Agnesi alimtazama baba yake, kisha akatazama sakafu. Binti hawezi kusema lake baba akishamaliza kusema. Daktari akaandika kwenye faili kwamba wameafiki. Naye, mtoto wa Muze, aliyekua akiwasikia wazazi wake wakimjibu hivyohivyo bwana shamba, padri na karani wa kijiji, kisha wakirudi nyumbani kufanya watakalo, hakusikia kitu. Shule ndefu ina mambo yake.

Basi kazi ikaenda. Kila mwezi Agnesi alipanda mlima kutoka bondeni kwenye joto, akafika Mazwi akitetemeka kwa baridi, akalala kwa shangazi yake, asubuhi akaja kubadilishiwa waya. Masika barabara ilipokatika, alituma picha kwa simu ya jirani. Mara tatu alikuja na kibati kimebanduka kwa ajili ya mahindi ya kuchoma, na mara tatu Winifrida alimsema mpaka shangazi akamwonea huruma. Mwisho daktari akamfunga kijimnyororo cha mpira kwenye meno ya mbele, kile kinachovuta jino hili kwa lile, na mwanya ukaanza kupungua. Mwezi wa kwanza ukawa nusu. Mwezi wa pili ukawa mstari. Wa tatu haukuwapo.

Sasa vibati vilikuwa vimetoka vyote. Daktari akasugua mabaki ya gundi, kisha nyuma ya meno mawili ya mbele akagundisha kijiwaya chembamba cha kuyashika yasiachane tena, kwa sababu mwanya ukiachwa hivihivi huwa na tabia ya kurudi kwao. Alikagua kazi yake. Vichonge vimekaa, mstari umenyooka. Nyuma ya kila kichonge palibaki upenyo wa nusu milimita ambao asingeuona mtu ila yeye, nao ulimkera. Akapiga picha. Akamwita mzee Teodori aliyekuwa benchi la nje na kapu la mchele na jogoo aliyefungwa miguu. Kwa kuwa kila mwezi binti alipandishwa na jirani, mzee hakuwa amefika kliniki tangu siku ile ya kwanza, na nyumbani vibati vilikuwa vimemzibia meno yenyewe.

Agnesi akapewa kioo. Alijitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia baba yake na kutabasamu, na mzee akatazama dirishani.

Ilikuwa ni nukta tu. Mzee akarudisha macho, akashukuru sana, akasema mtoto amependeza, akakabidhi mchele na jogoo. Lakini Agnesi alikuwa ameona. Mkono wake ukapanda wenyewe, kiganja kikafunika mdomo, palepale kilipokuwa miezi kumi na tisa iliyopita.

Daktari Kalista alihesabu kwa haraka kila kitu ambacho kingeweza kuwa kimeharibika na hakukipata. Akamvuta Winifrida chumba cha pili.

"Kwa nini anaficha meno? Yamenyooka."

Winifrida alikuwa akiosha koleo. Hakugeuka. "Umemfunga mwanya wa mama yake, daktari. Yule mama hakuacha hata picha. Nyumba iliungua, vikaenda vyote. Mzee alikuwa akimwona mke wake binti akicheka."

"Umejuaje?"

"Shangazi mtu aliniambia."

"Lini?"

"Mwezi ule ulipoanza kuufunga."

Daktari akamsogelea. "Na hukuniambia?"

Winifrida akageuka sasa, mikono ikichuruzika maji. Alikuwa mtu mzima kuliko daktari kwa miaka kumi, na alisema kwa upole kabisa. "Wewe ndiye daktari."

Hapo ndipo alipolisikia neno lile kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameambiwa maisha yake yote. Aliona aibu, na aibu ile haikuwa na pa kwenda. Alifikiria Dodoma. Picha alikuwa nazo tayari. Angeweza kunyamaza, wao wangenyamaza pia, na kila mtu angerudi kwake na heshima yake.

Akarudi chumbani, akaketi kwenye kigoda cha chini, mbele ya mzee.

"Mzee, niliufunga mwanya wa mtoto bila kuwauliza vizuri. Haikuwa lazima. Mnautaka au hamuutaki?"

"Aa, kazi ni nzuri, mama. Wewe ndiye..."

"Hapana, mzee wangu. Kwa hili mimi sijui. Unajua wewe na Agnesi."

Mzee Teodori alishika kofia yake kwa mikono miwili. Jogoo akajipigapiga mara mbili sakafuni. Alimtazama binti yake, naye binti, kiganja bado mdomoni, akatikisa kichwa juu na chini.

"Tulikuwa tunautaka," mzee akasema.

Daktari akamlaza Agnesi tena, akachukua koleo kali na kukikata kile kijiwaya. Wiki hiyo akatengeneza kwa mkono wake kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye kaakaa, chenye vijiwaya viwili vya kusukuma meno ya mbele yaachane. Nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa ile nusu milimita ya huku na nusu ya huku. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha kurudisha. Kwa waandaaji wa mkutano akaandika kwamba kazi yake haijakamilika, watafute mwingine.

Baada ya miezi mitatu walikuja wote wawili. Daktari akapima: milimita moja kasoro. Zamani ulikuwa tatu. Alisema hivyo wazi, na akasema samahani. Mzee akainama, akautazama kinywani mwa binti yake kwa karibu, kama anayekagua mbegu.

"Mdogo," akasema. "Ila umerudi." Na Agnesi akacheka, mikono ikiwa magotini.

Jumapili iliyofuata daktari alishuka Muze kwa mama yake. Alimkuta uani akipeta mchele, akamwamkia, akaketi kwenye mkeka. Ulimi wake ulikuwa ukigusagusa kijiwaya kilichokuwa nyuma ya meno yake mwenyewe kwa miaka kumi na minne.

"Mama, ule mwanya wangu. Nilipoufunga, ulionaje?"

Mama aliendelea kupeta. Pumba zikaruka, mchele ukarudi kwenye ungo. Hakumtazama.

"Wewe ndiye daktari, mwanangu," akasema.