Dereva Aliyeshuka

Daktari wa macho aliponikataza kushika usukani, tajiri, mwenye lori, alisema ataliacha mikononi mwa binti yangu, mradi apate leseni ya magari makubwa. Akikosa, anampa dereva mwingine. Lori lile nimelilea tangu likiwa jipya. Kumwona mgeni akiliparamia kungenimaliza kabla ya siku zangu.

Binti yangu ni kitindamimba, mfupi, hata akiendesha anaweka mto mgongoni. Asubuhi ya mtihani alishakagua gari mbele ya mtahini, kuanzia matairi mpaka mipira ya upepo wa breki, na barabarani alishapita. Ilibaki rivasi: kuingiza trela katikati ya koni bila kugusa hata moja.

Madereva wenzangu walijipanga kwenye uzio wa uwanja. Wasikudanganye, hawakuja kumwombea. Walikuja kuangalia sinema.

Alianza vizuri. Trela likaingia taratibu mpaka nusu. Mara akasimama, akavuta breki ya mkono, akafungua mlango, akashuka.

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu sisi dereva hashuki. Kuangalia nyuma ni kazi ya utingo, na dereva akishuka huonekana hajiamini. Kicheko kikazuka pale uzioni, na mmoja akaniuliza kama mwanangu kadondosha hereni.

Yeye hana habari. Akaenda mpaka nyuma ya trela, akainama, akaona tairi na koni vimebakiza upana wa kiganja. Akapanda bila haraka, akasogea mbele kidogo, akanyoosha, akaanza kurudi tena. Kisha akashuka mara ya pili! Hapo nikafumba macho. Nilipoyafumbua, trela lilikuwa limetulia katikati na koni zote zimesimama.

Mtahini, mama mmoja mkavu asiyecheka na mtu, akampa mkono wa pongezi. Uzalendo ukanishinda, nikamsogelea kumuuliza kama huko kushuka hakujampunguzia maksi.

"Kushuka kunaruhusiwa, mzee," akasema. "Walioangusha koni leo wote waliona haya kushuka."

Kichwa kilivimba, sitaki kusema uongo. Nikapita pale uzioni polepole, makusudi, nikimsalimia kila mmoja na kumuulizia hali ya watoto wake.

Leseni ilipotoka tukaipeleka kwa tajiri. Akaigeuza huku na huku, akafungua droo, akatoa funguo za lori na, kwa mazoea, akaninyooshea mimi. Mkono wangu nao ukaanza kwenda wenyewe. Nikaurudisha, nikautia mfukoni.

"Mpe dereva," nikasema.

Nilipaza sauti, nilitaka hata mafundi waliokuwa nje wasikie. Binti yangu akapokea funguo kwa mikono miwili.