Lori la Mkwe

Tangu mafuriko yabomoe nusu ya mji, Mama Asilimia alishinda juu ya mnara wa mbao kwenye lango la jalala. Lori la kifusi likisimama chini, alichungulia ndani na kutamka, "Themanini!" Karani akaandika: asilimia themanini ya lori imejaa, na dereva alilipwa kwa kiasi hicho. Basi. Madereva walijaribu kumvika kilemba cha ukoka, wapi! "Nenda kawasifie wakwe zako," aliwajibu.

Sasa mkataba wa kampuni iliyomwajiri, ya kusimamia uzoaji wa kifusi, ulikuwa ukingoni, na ofisa wa manispaa alikuja mwenyewe kabla ya kuuongeza muda. Aliuliza ni mwangalizi gani wa mnarani ana ndugu kwenye malori.

"Mimi," alisema Mama Asilimia, kifua mbele. "Dereva wa lori la kijani amemwoa binti yangu. Waulize hawa kama nimewahi kumpendelea!"

Karani akacheka. "Kumpendelea? Yule anakiona cha moto!"

Lo, sifa ile ilimkaa vizuri. Aliupenda mnara ule jamani. Bila kazi hii angerudi kushinda sebuleni kwa binti yake, mama mkwe wa kuletewa chai.

Lori la kijani likaingia saa tisa alasiri. "Sabini!"

Ofisa akaomba futi ya kupimia. Wakasawazisha mzigo, wakapima urefu, upana na kina, kisha wakarudia. Themanini na nane. Malori mawili ya nyuma yakapimwa pia, na hayo Mama Asilimia alikuwa ameyapatia barabara.

Alishuka ngazi. Mkwe wake alisimama kando ya mlango wa lori, macho chini, kama kawaida yake mbele ya mama mkwe.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua, mama. Tangu wiki ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mama? Niseme mama mkwe wangu ananipunja? Nilikuwa naongeza safari moja jioni, hesabu inatimia."

Kila jioni, miezi minne! Kumbe ndiyo maana mjukuu alilala kila siku bila kumwona baba yake. Na yeye, mtu mzima hovyo, alikuwa akimsema huyu kijana kwa binti yake: mwanamume gani asiye na haraka ya kurudi kwake? Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Ofisa akakohoa. "Mama, manispaa haikupoteza kitu hapa. Mkataba nitautia saini, na jina lako naweza kuliacha kwenye orodha ya waangalizi. Tutafumba macho tu."

"Usifumbe. Iliyopunjwa ni nyumba ya mwanangu. Niliogopa kusemwa na watu, nikamwonea asiyesema. Futa jina langu, weka mwingine."

Ofisa alisita, halafu akalikata.

Mama Asilimia akamgeukia mkwe wake. "Mwaga mzigo, baba, uende nyumbani. Mtoto angali macho."

Mkwe akainua uso, akamtazama machoni, mara ya kwanza tangu aoe.

"Panda mbele, mama," alisema. "Twende wote."