Kuombwa Jina la Torbeni

Jina lenyewe, tuseme ukweli, watu walilicheka. Asegelile alimzaa mwanawe wa pekee ndani ya boti, akiwahishwa hospitali kutoka Ikombe. Injini ilizima katikati ya ziwa, na aliyeiwasha ni mgeni mmoja wa Denmaki aliyekuja kutembea. Mama akampa mtoto jina la mgeni huyo: Torbeni. Pale Ikombe halikupata ulimi wa kulibeba. Wengine walisema Tolibeni, wengine Toboleni, na shemeji yake mmoja aliapa kuwa hiyo ni dawa ya minyoo. Asegelile mwenyewe alisema Tolobeni, akilivuta kidogo mwishoni, na mtoto akaitikia hivyo hivyo hadi akaota ndevu.

Kisha boti ya abiria ikapinduliwa na mawimbi. Torbeni aliwatoa watu majini mmoja mmoja, akarudi tena, na safari hiyo hakuonekana. Wavuvi walimtafuta hadi Itungi, wakarudi mikono mitupu.

Tangu hapo jina likapata soko. Kwenye kliniki moja ya Kyela, muuguzi akiita Torbeni, wanasimama akina mama watatu. Bondeni Torbeni, Mbugani Torbeni, na wote bado wananyonya. Redio, kwa kutangaza habari zake, ilishawafundisha watu kulitamka, sasa linawatoka vizuri kuliko linavyomtoka mama aliyelitoa. Asegelile akipeleka vyungu vyake sokoni anasikia mtu akimbembeleza Torbeni asilie, na shingo yake inageuka yenyewe.

Ilimuuma sana, lakini pia ilimfaa. Kwao jina la marehemu huombwa: anayelitaka humfuata aliyelitoa, hupiga magoti, na huyo, ndiye mwenye jina, humtamkia mtoto sikioni. La aliye hai, mtu hujichukulia tu. Hawa wote walijichukulia. Basi Asegelile akajiambia kwamba hata wao wanajua mwanawe yuko mahali, labda ng'ambo Malawi, labda amepotewa na kumbukumbu. Matanga aliyakataa katakata. Mumewe Ebeneza alipoyataja, alinuniwa hadi akajuta.

Asubuhi moja, akiwa anasugua chungu kibichi kwa kokoto, mtumbwi ulifika. Akashuka Lugano, mwanamke wa mwisho kuokolewa na Torbeni, mtoto mchanga mgongoni. Tangu ajali alikuwa hajakanyaga chombo cha majini hadi asubuhi hiyo. Kabla hajakaribishwa akapiga magoti palepale kwenye udongo wa kufinyangia.

“Mama, nimekuja kuomba jina.”

Asegelile hakuinua uso. “Si limejaa huko kwenu? Chukua, kama wenzako walivyochukua.”

“Wenzangu hawakuwepo, mama. Mimi alinishika mkono huu, akanisukuma hadi nikashika mtumbwi. Nilimwona akizama. Nikilichukua hivihivi, nitakuwa nasema uongo.”

Kokoto likasimama. Asegelile alimchukia binti yule kuliko wote waliojichukulia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja na adabu. Wale walimwachia mwanawe. Huyu alikuwa amevuka ziwa analoliogopa kuliko kifo ili aje kumnyang'anya.

Angeweza kumfukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Alitazama magoti yale yaliyotota udongo, akangoja binti anyanyuke aende zake. Lugano hakunyanyuka. Mtoto akaanza kulia kwa njaa na mama yake hakumnyonyesha, maana asiye na jina bado hanyonyeshwi mbele ya mwenye jina.

Asegelile akanawa mikono. Akampokea mtoto, akaweka mdomo kwenye lile sikio dogo.

“Tolobeni,” alisema hatimaye, akaivuta silabi ya mwisho kama alivyozoea kuita jioni chakula kikiwa tayari.

Mtoto aliendelea kulia. Hakuwa yeye. Kwamba wake hataitika tena, Asegelile alikuwa amelijua tangu zamani, lakini sasa alilisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, na machozi yakamtoka asiweze kuyazuia.

“Ndaga fijo, mama,” Lugano alimshukuru, naye analia.

Asegelile alimrudishia mtoto anyonye. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila kuthubutu kukohoa.

“Baba Tolobeni,” alimwambia, “waite watu. Mwanetu amekufa.”